Uji wa Kula

Alhamisi, 9 Januari

Sista Wavinya wa kliniki amenipa kazi. Amesema nitafute daftari, niandike kila siku mtoto amepewa nini na mara ngapi, kisha nirudi nalo baada ya wiki mbili. Nikamuuliza niandike kiasi gani. Akasema, "Mstari mmoja tu, mama Mulei." Hajui anaongea na nani. Nilikuwa mwalimu Kasiva wa chekechea miaka minne kabla sijaolewa huku Kyuso, na hata ripoti ya mtoto aliyepoteza kiatu nilikuwa naijaza ukurasa mzima.

Basi nianze. Mulei ametimiza miezi sita leo. Ana kilo 6.5. Miezi mitatu ya kwanza alinenepa mpaka mikunjo ya mapaja ikawa shida kuosha, lakini tangu Novemba mstari wake kwenye kitabu cha kliniki umelala. Sista amesema maziwa yangu peke yake hayamtoshi tena, aanze chakula. Alitaja vitu vingi, ila kulikuwa na watoto kumi na wawili wanachanjwa, wote wanalia kwa pamoja. Nilisikia uji. Uji nilisikia vizuri kabisa.

Aliyefurahi kuliko sote ni Kavindu, mama ya mume wangu, ambaye mimi namwita mwaitu kama vile ningemwita mama yangu mwenyewe. Tangu Krismasi amekuwa akiniambia mtoto ana njaa. Tukila, Mulei anafuata kila tonge kwa macho kutoka sahani mpaka mdomoni, na ukimeza, naye anameza mate. Nilikataa kumpa kitu kabla ya miezi sita kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa. Mwaitu hakubishana nami. Alimwambia mtoto, "Vumilia, mume wangu. Mwalimu hajapiga kengele."

Anamwita mume wangu kwa sababu mtoto amepewa jina la marehemu mzee wake. Jina lenyewe halitamki, maana kwetu mke hataji jina la mumewe. Na kila kitu anachofanya mtoto, mzee alikifanya kwanza. Akipiga chafya, mzee hakupenda vumbi. Akikataa kofia, mzee hakupenda kofia. Nangoja kuambiwa mzee naye alikojoa juu ya watu.

Ijumaa, 10 Januari

Kanywa uji wa mawele, kikombe kimoja. Nusu ilishuka shingoni. Mwaitu aliimba.

Jumamosi, 11 Januari

Kanywa uji asubuhi na jioni. Anaupenda.

Jumapili, 12 Januari

Kanywa uji kabla ya ibada na baada ya ibada. Mume wangu Kitheka alipiga simu kutoka Wote, Makueni, anakojenga bweni la shule. Nikamwambia mwanawe ameanza uji. "Safi," akasema. "Mimi pia ni uji wa mama ndio ulinileta hadi hapa." Kitheka ni mwembamba kiasi kwamba mkanda wake una matundu aliyoyaongeza mwenyewe kwa msumari.

Jumanne, 14 Januari

Tumeanza kuchuma ndengu. Jua likishapanda, maganda yanapasuka na ndengu zinamwagika chini, kwa hivyo natoka alfajiri na kurudi saa nne. Mulei anabaki na mwaitu.

Kikombe kilikuwa kinawachelewesha, kwa hivyo mwaitu amenunua chupa ya kunyonyea. Tundu la chuchu lilikuwa dogo, la maziwa. Akachoma sindano kwenye makaa na kulipanua. Sasa Mulei anavuta mwenyewe. Anashika chupa kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na anamaliza kabla mtu hajafagia nyumba. Mwaitu anasema hivyo ndivyo mzee alivyokunywa, bila kupumua.

Kanywa chupa mbili.

Jumatano, 15 Januari

Kanywa uji. Kanywa uji. Kanywa uji. Mgongo unaniuma.

Ijumaa, 17 Januari

Kanywa uji mara nne. Baada ya kila chupa tumbo lake linakaza, analala kidogo, kisha baada ya saa moja analia tena, kilio kile cha njaa ninachokijua. Nampa titi. Analia hata akiwa kwenye titi.

Nilimbeba hadi sokoni kununua chumvi. Falis, yule mama anayeuza maziwa ya mbuzi na ya ngamia karibu na msikiti, alimshika shavu akamtazama sana. Falis ana watoto saba na hana muda wa kupamba maneno. "Huyu ana njaa," akasema. Nikamwambia hapana, amekunywa uji sasa hivi, chupa nzima. Akatikisa tumbo la Mulei kidogo kwa kidole. "Mama, hiyo ni maji inacheza. Kwetu uji ya mtoto tunatia samli. Uji bila mafuta ni maji ya moto tu."

Akanipa samli kidogo kwenye kikopo. Nimekiweka kwenye rafu. Nilikasirika, na sijui vizuri kwa nini. Pengine ni kwa sababu alisema mbele ya watu.

Jumatatu, 20 Januari

Kanywa uji mara tano.

Leo niliamka mapema nikapika uji mimi mwenyewe, mzito kidogo, nikauacha kwenye sufuria. Niliporudi kutoka shambani nilipitia nyuma ya jikoni, na kupitia mlango nikamwona mwaitu anauongeza maji. Hakumwaga kidogo. Alijaza bakuli zima, akakoroga, akainua mwiko juu akautazama uji unavyodondoka, akaongeza maji tena. Alikuwa makini kama mtu anayepima dawa.

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Haupiti kwenye chupa."

Nikasema basi tuache chupa. Akasema mume wake hapendi vitu vizito. Nikasema, mwaitu, mzee si ndiye aliyekula muthokoi, mahindi makavu yaliyokobolewa, mpaka mwaka aliokufa. Alichukua chupa akaenda zake.

Nimeishi na huyu mama miaka mitatu na sijawahi kumwona na ubahili. Akichinja kuku, paja ni langu. Sasa anamnyima mjukuu wake unga, na unga upo. Nimemkasirikia siku nzima.

Jumatano, 22 Januari

Kanywa uji. Joto kali, upepo wa vumbi. Amelia kutwa.

Alhamisi, 23 Januari

Kilo 6.3.

Nilidhani mizani imeharibika. Sista Wavinya alimshusha akampandisha tena. 6.3. Akachukua ule utepe wa kupima mkono, wenye kijani, manjano na nyekundu, akamzungushia juu ya kiwiko. Ulisimama kwenye manjano, rangi ya mtoto aliyeanza kukonda.

Mwaitu alikuwa amekuja nami. Aliutazama utepe kwa muda mrefu. "Manjano," akasema polepole. "Tena manjano." Nilidhani anasoma rangi tu.

Kisha sista akafungua daftari langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa sifa, nitasema ukweli. Hakuna mama mwingine aliyekuja na kurasa nne. Akatoa kalamu nyekundu na kuanza kuzungushia kitu, hapa, na hapa, na hapa, kama mimi zamani nikisahihisha. Alipomaliza akanirudishia. Alikuwa amezungushia neno moja kila mahali lilipotokea. Kanywa.

"Kanywa, kanywa, kanywa," akasema. "Na kala iko wapi, mwalimu?"

Nikamwambia, "Lakini sista, uji si unanywewa."

"Hiyo ndiyo shida yetu sisi Wakamba wote," akasema. "Uji kwa Kikamba tunakunywa, kwa Kiswahili tunakunywa. Nikisema mtoto aanze uji, mama anasikia kinywaji. Tumbo la huyu ni kama ngumi yake hii. Mkishalijaza maji, chakula kitakaa wapi? Na hata titi halitaki tena, kwa sababu amejaa."

Akaniomba kijiko kutoka kwenye mfuko wangu, akakiinamisha hewani. "Uji wake ukae kwenye kijiko hata ukikiinamisha hivi. Asiunyonye, aule. Kijiko na bakuli, chupa mtupe. Ndengu zilizopondwa, malenge, yai, mafuta kidogo." Ndiyo yale mambo aliyoyataja siku ile watoto wakilia.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba njia nzima. Tarehe sita Februari turudi. Kama hajaongezeka, atamwandikia barua twende hospitali kubwa, alazwe.

Mimi ndiye niliyeandika neno hilo kila siku kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nawafundisha watoto wa miaka minne tofauti ya kula na kunywa, kwa picha.

Jumamosi, 25 Januari

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Nilipika uji mzito, nikaponda ndengu mpya ndani, nikatia samli ya Falis. Niliinamisha kijiko, ukakaa. Nikamkalisha Mulei kwenye paja. Alikuwa ameshaona bakuli na miguu inacheza yote miwili.

Kijiko kilikuwa karibu kufika mdomoni mwaitu alipoingia. Alilitazama bakuli, akanipokonya, akatoka nje na kuwamwagia kuku. Yote, na samli yake.

"Hutamwua mbele yangu," akasema.

Nikamwambia, "Ni wewe unamwua. Unamwua na maji."

Nilimwambia hivyo mama ya mume wangu, ndani ya nyumba aliyoijenga mzee wake. Alisimama na bakuli tupu mkononi. Nilingoja anifokee, na ningefurahi kama angenifokea. Aliliweka bakuli chini taratibu, akaenda nyumbani kwake ng'ambo ya ua na kufunga mlango. Mulei alilia akitazama mlango, sijui ni kwa bakuli au kwa bibi.

Nimemchukia leo, na kumchukia kumenichosha kuliko ndengu.

Jumapili, 26 Januari

Tulikaa benchi moja kanisani, kila mtu mwisho wake. Kitheka alipiga simu na sikumwambia kitu. Mwaitu pia alipigiwa, na najua hakusema kitu, maana Kitheka angenipigia tena.

Mulei alipewa uji mzito. Aliusukuma wote nje kwa ulimi. Hajui kula. Nani amemfundisha?

Jumatatu, 27 Januari

Nimempeleka shambani, nikamkalisha kwenye kanga kivulini mwa gunia. Kila nikimaliza mstari mmoja wa ndengu nampa vijiko viwili. Kimoja kinatoka, kingine kinatoka nusu. Ananitazama kana kwamba nimemdanganya. Ndengu nyingi zilipasuka kabla sijazifikia.

Kala, nadhani, vijiko viwili kwa siku nzima.

Jumatano, 29 Januari

Mvua ya Januari haiji, kila mtu alisema hivyo, na leo saa nane mchana ikaja. Wingu lilitokea upande wa milima likiwa jeusi, na ndengu zetu zote zilikuwa zimeanikwa uani kwenye turubai. Zikilowa zinaota au zinaoza. Nilimweka Mulei chini nikaanza kukusanya kwa mikono. Mlango wa mwaitu ukafunguka. Hatukusemezana. Alishika pembe mbili za turubai nami nikashika mbili, tukaburuta kila kitu hadi ghalani, kisha nikarudi mbio kumchukua mtoto. Matone ya kwanza yalinipata mlangoni.

Tukawa tumefungiwa mle ndani watu watatu, juu ya lundo la maganda, mabati yanapiga kelele. Mulei akajiburuta kwa tumbo hadi kwa bibi yake akamshika gauni. Alimchukua. Walikuwa hawajashikana siku nne.

"Ulisema namwua na maji," mwaitu akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ngoja. Kitheka si mtoto wangu wa kwanza."

Sikujua hilo. Kitheka mwenyewe hajui.

Alisema ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Mvua ilikuwa imekataa, mbuzi wamekwisha, na yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili na msichana wa miezi minane, Muthoki, aliyepewa jina la mama wa mzee. Maziwa yalimkauka. Kwa wiki nyingi alimpa mtoto uji wa unga aliokung'uta kutoka kwenye mishono ya magunia, maji yenye rangi tu. Mzee akaenda Mwingi kupanga foleni ya chakula cha msaada. Alirudi siku ya tatu na debe la mahindi ambayo hawakuwa wamewahi kuyaona, ya manjano.

"Nikasaga kwa jiwe," akasema. "Nikasonga ngima, ugali mzito, ule wa kusimama. Nilikuwa na haraka, Kasiva. Tulikuwa hatujaona kitu kizito miezi miwili. Nikamkatia tonge. Alikula akicheka. Alikuwa ananipiga mkono anataka lingine, nami nampa, nampa. Tonge la nne au la tano halikushuka."

Mvua ilikuwa imepungua, na nilisikia kila neno.

"Nikampa maji. Sikujua kingine cha kufanya. Mzee alikuwa nje anafunga punda. Alipoingia ilikuwa imekwisha."

Niliuliza watu walisema nini. Akasema kijiji kilikuwa kimezika watoto watatu mwezi ule, na waliokuja walisema njaa imechukua wa nne. Yeye akanyamaza. Mzee akanyamaza. Miaka arobaini wamewaacha watu waseme hivyo, na mzee akafa nayo.

"Kitheka nilimpa uji mwepesi mpaka akaota meno yote," akasema. "Sasa huyu. Ana jina la yule aliyeyabeba yale mahindi. Nikiona kijiko kizito kinaenda kwa mdomo wake, mkono wangu unaenda wenyewe."

Nilimshika huo mkono. Nilikuwa nimeishi na hofu yake zaidi ya wiki nikiiita ubahili.

Ijumaa, 31 Januari

Nimewazia tufanye nini, nikaona nisimwambie mwaitu asiogope. Nimeenda kumwita Mutie, mhudumu wa afya wa kijiji. Mutie ni mrefu, ana begi la mgongoni na sauti ya mwinjilisti, na huwa anatufundisha kunawa mikono hata tukiwa tumenawa. Nikamwomba amfundishe mwaitu kitu kimoja tu, mtoto akipaliwa unafanyaje. Kwa nini mwaitu, sikumwambia.

Mutie hakuuliza. Alitafuta mtoto wa bandia wa kufundishia, akakosa, akachukua malenge. Akakaa, akalilaza malenge kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko tumbo, ameshika taya. "Unapiga hapa, kati ya mabega, na kiganja. Moja, mbili, mpaka tano. Ikikataa, unamgeuza, vidole viwili kifuani katikati, unabonyeza mara tano. Na unaita watu. Lakini mama, sikiliza. Akikohoa na kulia, hewa inapita. Mwache akohoe. Usimpe maji, na usimtie kidole."

"Nisimpe maji," mwaitu akarudia.

"Kabisa. Na akae wima akila, chakula kiwe laini, kidogo kidogo, usimharakishe."

Mwaitu akalichukua malenge. Alilipiga mara tano. Akaliangalia, akaligeuza, akabonyeza. Akaanza upya. Mutie alikunywa chai, akaaga, akaenda, na mwaitu bado alikuwa na malenge. Nilihesabu mara kumi na moja. Mara ya mwisho alilifuta vumbi kwa upindo wa kanga kabla ya kuliweka chini.

Mulei kala vijiko vinne. Mwaitu alikaa ametugeuzia mgongo, hakutazama, lakini nilipomaliza akasema, "Vinne."

Jumamosi, 1 Februari

Kala vijiko vitano asubuhi, vinne jioni. Chupa iko juu ya rafu. Hakuna aliyeigusa.

Jumapili, 2 Februari

Kala yai lililopondwa. Mwanamke mmoja kanisani aliniambia mtoto akila yai atachelewa kuongea. Mwaitu akamjibu, "Mzee wangu aliongea kwa nyumba yangu miaka arobaini na mbili. Huyu anaweza kuchelewa kidogo." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Ni mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu mambo yaanze kuharibika.

Jumatatu, 3 Februari

Kala mara tatu. Falis amenipa samli nyingine. Nilimwambia ya kwanza ililiwa na kuku. Akasema kuku wangu basi watakuwa na afya.

Jumanne, 4 Februari

Mwaitu sasa anakaa akitutazama. Leo mchana nilimpa Mulei malenge na ndengu, na kipande kimoja sikukiponda vizuri. Alinyamaza ghafla. Macho yakajaa maji, ulimi ukatoka, uso ukawa mwekundu.

Mwaitu alikuwa amesimama kabla sijajua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umenyooka, wazi, wa kumlaza. Hakumgusa. Midomo yake ilikuwa inasema kitu na nilipomsogelea nikasikia, "Akikohoa mwache akohoe. Akikohoa mwache."

Mulei akakohoa. Akakohoa tena, kipande kikaruka kikatua kwenye gauni langu. Akakitazama. Kisha akafungua mdomo akingoja kijiko kingine.

Mwaitu aliketi chini pale pale sakafuni akalia kwa sauti, kanga usoni. Mulei akaduwaa kumtazama. Mimi pia nililia, nikiwa nimeshika kijiko. Baadaye akasema kupitia kanga, "Mpe. Anangoja."

Kala vijiko sita. Nilimpa polepole sana.

Jumatano, 5 Februari

Kala. Kesho ni kliniki. Nimefunga nguo mbili na blanketi kwenye kiondo, ikitokea twende hospitali. Sijamwambia mwaitu, lakini nimekuta ameongeza kanga yake ndani.

Alhamisi, 6 Februari

Kilo 6.7.

Sista alimpandisha mara mbili, safari hii kwa kuomba kwangu. 6.7. Utepe bado uko kwenye manjano, lakini pale pale kwenye mpaka wa kijani. Hakuna barua. Tuendelee, turudi baada ya wiki mbili.

Alisoma daftari. Kurasa za tarehe ishirini na tisa nilikuwa nimezibana kwa pini. Aliigusa pini kwa kidole, akanitazama, akaziruka. Alipofika mwisho alichukua kalamu nyekundu na chini ya neno "kala" akapiga alama ya vyema, moja tu, kubwa.

Mwaitu alimwuliza kama anaweza kuuona ule utepe. Akaushika, akatembeza kidole kutoka kwenye manjano hadi kwenye kijani, na kumrudishia. Tulirudi nyumbani tumemchukua kwa zamu.

Jumamosi, 8 Februari

Kala mara tatu, na papai. Tumeanza kupura ndengu.

Jumatatu, 10 Februari

Ndengu zimekwisha kupurwa na kupepetwa. Nilikuwa nimesema nitarudi saa sita nimlishe Mulei, lakini upepo ulikuwa mzuri nikaendelea kupepeta, na nilipokumbuka jua lilikuwa limepita utosini. Nilikuja mbio na pumba kichwani.

Walikuwa mlangoni kwa mwaitu. Mulei alikuwa amekaa wima kati ya miguu yake, uji umemfika mpaka kwenye nyusi. Bakuli lilikuwa tupu, kijiko ndani yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Alimlisha yeye mwenyewe, peke yake.

"Vijiko saba," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila kanga ilikuwa imelowa jasho shingoni. Chupa alikuwa ameiosha na kuijaza ndengu za mbegu, za kupanda Oktoba.

Nikaketi. Akaniuliza kama nina daftari. Nikalileta.

"Andika."

Nikaandika: Mulei, miezi saba. Kala. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, akamfuta mtoto uso kwa kiganja, kisha akauliza, "Zile kurasa ulibana. Ni za Muthoki?"

Nikasema ndiyo, nilizificha ili sista asizisome.

"Toa pini."

Nikatoa. Akamtazama mtoto anavyolamba vidole.

"Hakuwa na kadi," akasema. "Wakati huo kliniki haikuwa huku. Hakuna kitabu chochote ako ndani. Mwandike hapo chini ya huyu, na yeye awe ameandikwa."

Niliuliza niandike nini. Nilidhani atanipa tarehe.

"Watu walisema alikufa njaa, nami nikawaacha. Si kweli. Andika vile alifanya."

Muthoki, binti wa Kavindu, miezi minane. Mwaka wa 1984. Kala.